Biblia Yenye Zipu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii limenikaa moyoni jibu alilopewa kijana mmoja jumuiyani. Shule yao iliwapeleka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wakaelezwa habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale anayefanana na binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Akauliza, bila kejeli: Adamu alikuwepo kabla ya huyu au baada yake? Mzee mmoja akamkatisha. Dunia ina miaka elfu sita, Biblia imesema, hayo mengine ni ya shetani. Watu wakaitikia amina, ukaanzishwa wimbo wa kufungia.

Imesema wapi? Nitajieni sura na mstari. Hesabu hiyo aliipiga Askofu James Ussher wa Ayalandi, akaichapisha 1650, akijumlisha vizazi na tawala mpaka akaufikia mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kazi ya msomi mwenye bidii, lakini si Andiko.

Mniwie radhi, leo nitakemea kidogo. Hatusomi! Biblia zetu zina zipu na majalada mazuri, zinakwenda ibadani Jumapili na kurudi kabatini. Muulize muumini wa miaka mingi nuru iliumbwa siku ya ngapi na jua siku ya ngapi, uone anavyobabaika. Ni ya kwanza na ya nne, na Askofu Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, alilitafakari hilo la nuru kutangulia jua zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe. Mwonyeshe kwamba Mwanzo 2 inasimulia uumbaji kwa mpangilio mwingine, atakushuku umehama dhehebu. Hosea 4:6, "Watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa", tunapenda kuwarushia wapagani, kumbe nabii alikuwa akisema na watu wa Mungu, tena akiwakaba makuhani.

Sayansi yenyewe hainitishi. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na akaendelea na upadri wake hadi kufa. Mifupa ipimwe. Kwamba tumeumbwa na tunapendwa, hakuna maabara inayolipima hilo.

Petro ametuagiza tuwe tayari kumjibu kila aulizaye, tena kwa upole (1 Petro 3:15). Kumnyamazisha mtoto wa watu si kumjibu.

Basi jumuiya zote wiki hii zisome Mwanzo 1 hadi 3 kwa sauti, bila mahubiri. Vijana waulize kwanza. Asiye na jibu aseme hana, swali liandikwe, tulifikishe kwa mchungaji.