Nilivyosomea chuma Dodoma, na nyundo zilizonipatia kazi

Siku nilipopangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma kusomea uhandisi wa metali na uchenjuaji madini, yaani kutenganisha madini na mawe, mjomba alinipigia simu jioni ileile. "Mpwa wangu, Dodoma inajengwa. Kule Mtumba maghorofa yanaota kila wiki, wewe unakwenda kusomea mawe? Hamia ujenzi kabla hawajafunga usajili." Majirani nao wakasema kozi hiyo mwisho wake ni kwenda kuishi mgodini. Ushauri huo uliniudhi, na bado unaniudhi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninachotaka kujua. Nilitaka kujua kwa nini jembe moja linadumu misimu mitano na jingine linapinda kwenye kichuguu cha kwanza.

Miaka minne ilipita kama inavyopita kwa kila mwanafunzi. Hesabu za mwaka wa kwanza ni ngumu, zisome tu. Mimi shule yangu ya pili ilikuwa Kibaigwa, kwenye mashine ya kusaga ya mama mmoja.

Ndani ya mashine ya kusaga kuna nyundo, vile vipande bapa vya chuma vinavyozunguka na kuyapasua mahindi. Zake zilikuwa za chuma laini cha dukani, zinalika upesi, na kila mara ananunua nyingine. Nikamwambia, "Mama, nitakutengenezea za springi ya lori." Kipande cha springi nilikipata kwa wauza vyuma chakavu kwa kama elfu kumi na tano hivi. Springi haitoboki kwa drili ikiwa ngumu, basi niliipasha hadi ikawa nyekundu, nikaifukia kwenye majivu ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi ikatoboka bila shida. Nikazipasha tena nyundo zote, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tupa ikateleza juu yake kama juu ya kioo, yaani zimekuwa ngumu kweli. Nililala nikiwa na furaha kubwa.

Siku ya pili moja ilivunjika mashine ikiwa kwenye mwendo, ikatoboa chekeche, na kelele yake ilisikika hadi barabarani. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeumia. Mama alipoteza siku nzima ya kazi, nami chekeche jipya lilimeza sehemu nzuri ya bumu langu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, sasa nenda ukajue kwa nini."

Nilijua kwa nini baada ya wiki mbili za kulala na daftari. Chuma chenye kaboni kikipashwa vizuri kisha kupozwa ghafla, kinajipanga upya ndani na kuwa kigumu sana, na wakati huohuo kinatanuka kidogo. Kwenye maji ganda la nje lilishakuwa gumu wakati tumbo lilikuwa bado linatanuka, basi nyufa zikafunguka. Tena sikuwa nimekirudisha kwenye moto mdogo kukipunguzia ukali. Nilipotazama mahali kilipovunjika, kilikuwa na chembe kubwa zinazong'aa kama sukari. Maana yake nilikuwa pia nimekiunguza kwa joto la kupita kiasi.

Kipimajoto cha tanuri sikuwa na uwezo wa kukinunua. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi kama 770 za Selsiasi. Nikang'oa sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaifunga kwenye waya mrefu. Nyundo ikiwa kwenye makaa naigusisha haraka: ikinasa, bado, ikiacha kunasa, naongeza moto kidogo tu, naitoa. Badala ya maji nikatumia mafuta ya alizeti, na huku kwetu alizeti haikosekani. Yanapoza taratibu kuliko maji. Fanya nje, na uwe na mfuniko wa bati mkononi, maana mafuta yanashika moto. Kisha nikazifukia nyundo kwenye karai la mchanga wa moto, sehemu moja nimeisugua ing'ae, nikasubiri rangi ipite manjano, ipite zambarau, ifike bluu, karibu nyuzi 300.

Zile hazikuvunjika. Nilizifanya mradi wangu wa mwaka wa mwisho.

Nikahitimu, nikajiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, nikazunguka na bahasha miezi kadhaa. Usaili ulionipa kazi ulikuwa kwenye machimbo ya kokoto, njia ya Singida. Waliniuliza kwa nini sahani za taya za mashine ya kupasulia mawe hutengenezwa kwa chuma cha manganizi. Nikawaeleza chuma alichovumbua Robert Hadfield mwaka 1882, chenye manganizi kama asilimia 12, ambacho kadiri mawe yanavyokipiga ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu, huku ndani kikibaki na uvumilivu, kisivunjike. Kisha nikafungua leso, nikaweka mezani vipande vya nyundo iliyovunjika Kibaigwa. Mkuu wa karakana alivigeuzageuza mkononi, akaniuliza habari za sumaku, akaniuliza habari za alizeti. Mazungumzo yale yalichukua zaidi ya saa moja.

Kokoto zetu ndizo zinazomwagwa kwenye misingi ya maghorofa aliyoyasema mjomba. Juzi kanipigia tena. Mtoto wake yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), anataka kuja karakana kuona.