Somo la Makombora Kando ya Barabara ya Kintinku

Basi la Bukoba liliharibika kati ya Bahi na Kintinku, mahali ambapo barabara imenyooka katikati ya tambarare na mbele yake unaonekana ukuta wa Bonde la Ufa unaopandwa kabla ya kufika Manyoni. Rejeta ilipasuka, na kondakta, ambaye tulipokuwa Dodoma alikuwa mwepesi kupokea nauli iliyopandishwa kwa kisingizio cha sikukuu, sasa hakuwa na jibu ila kwamba fundi yuko njiani. Chupa ndogo ya maji inayouzwa shilingi 500 mjini tuliinunua kwa 1,000 kutoka kwa vijana wa baiskeli, na hakuna aliyepunguziwa, hata akina mama wenye watoto wachanga.

Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha mbuyu, na hapo nilikaa jirani na mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuwa anashuka Manyoni. Nilimpa shikamoo, naye akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu kwamba ni Kyaka, alinieleza kwamba mwaka 1979 alivuka Mto Kagera akiwa mwanamgambo, na kwamba tangu vita vya Lukaya mwezi Machi mwaka huo, ambako Libya ilileta askari na vifaru kumwokoa Idi Amin, hajaacha kusoma juu ya silaha zinazoweza kukisimamisha kifaru.

Nilimuuliza inawezekanaje mtu mmoja aliyelala kwenye nyasi aliongoze kombora ambalo limeshaondoka. Badala ya kunijibu kwa maneno, alimwomba mama mmoja fundi cherehani uzi wake wa kushonea, akanishikisha ncha, kisha akamwambia mtoto wa yule mama akimbie na kigurudumu cha uzi hadi barabarani. "Angalia, mwanangu," alisema, "uzi hauburutwi. Unalala pale pale mtoto alipopita." Kombora nalo hubeba waya wake mwembamba ndani ya mwili wake, likauachia nyuma kadiri linavyoruka, na amri za kupanda, kushuka au kugeuka hupita humo. Waya ungezungushwa upande wa mpigaji, kombora lingelazimika kuuburuta wote, nao ungekatika.

Wajerumani walilijaribu wazo hilo katika Vita vya Pili vya Dunia kwa kombora la X-7, lakini vita viliisha kabla halijatumika ipasavyo. Wafaransa wakalifanya kuwa silaha kamili katika miaka ya 1950 kwa SS.10. Mwalimu hakukawia huko, kwani alitaka kufika kwenye Malyutka, kombora la Wasovyeti la kupigia vifaru, iliyoingia jeshini mwaka 1963 ikiwa na uzito wa kilo 11 hivi na kubebwa ndani ya sanduku lenye mpini. Mpigaji angeweza kukaa hadi mita 15 kutoka kombora lilipo, akichungulia kwa darubini huku mkono wake ukisukuma kijiti kidogo cha kuliongoza mpaka ligonge.

Kule chini ya mlima kulikuwa na paa la bati linalong'aa. Alikadiria umbali wake kuwa kilomita tatu, ambao ndio upeo wa Malyutka, akanitaka nilikazie macho bila kupepesa huku yeye akihesabu sekunde 25 kwa saa yake ya mkononi. Macho yalianza kunitoka machozi kabla hajafika 20. Mpigaji alipaswa kufanya hivyo huku akiangalia vitu viwili kwa pamoja, kombora na shabaha, na huku kifaru kile kikiwa na mzinga unaoweza kumpiga.

Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 1973, Wamisri walipovuka Mfereji wa Suez. Vifaru vya Israeli vilivyokwenda kuwarudisha nyuma bila askari wa miguu wa kutosha vilikutana na watu waliolala mchangani wakiwa na Malyutka na RPG-7, roketi ya kurushwa kutoka begani, na vingi viliteketea katika siku za mwanzo. Wapo waliosema basi, enzi ya kifaru imekwisha. Mwalimu hakubaliani nao, nami namuunga mkono, kwa sababu Waisraeli walijifunza upesi kufyatua risasi kuelekea moshi wa kombora unapotokea, kwenda kwa kupindapinda na kutimua vumbi, ili yule mtu wa kijiti ashtuke.

Baadaye mzigo wa mpigaji ulipunguzwa. Kwa makombora ya baadaye, TOW ya Marekani na MILAN ya Wafaransa na Wajerumani, kazi yake ni kuweka alama ya darubini juu ya shabaha tu, na mtambo wenyewe hulisahihisha kombora. Wachadi waliifunga MILAN juu ya magari madogo ya Toyota, na mwaka 1987 wakavivunja vifaru vya Libya jangwani; hapo sauti ya mwalimu ilipanda. Javelin, kombora la Marekani lililoingia jeshini mwaka 1996, hutafuta joto la shabaha yenyewe na kukipiga kifaru juu, ambako chuma ni chembamba, wakati mpigaji ameshakimbia.

Fundi alifika jioni. Mwalimu alishuka Manyoni, na kutoka Singida hadi Biharamulo sikuona kitu ila giza, nikiwa kwenye kiti kilichovunjika mgongo. Hakuna aliyetuomba radhi, sembuse kuturudishia senti.

Nyumbani nilimsimulia baba, ambaye alikuwepo Novemba 1978 majeshi ya Amin yalipolivunja daraja la Kyaka. Alisema kwamba kilo 11 vijana wawili wa kijiji wangezibeba bila shida. Nilimweleza kwamba mpigaji wa Malyutka aliiva baada ya kurudia zoezi mara maelfu kwenye mashine za kujifunzia. Hakukubali, anasema mtu anayelinda shamba lake hujifunza upesi kuliko askari wa mshahara. Mimi nimekataa katakata, kwa kuwa hata bati lililotulia lilinishinda, nikiwa kivulini, bila mtu yeyote kunifyatulia risasi.