Kutoka Dodoma Kuufuata Udi wa Unguja

Dada huyu nilimjua Dodoma, enzi anaimba na gitaa lake kwenye kumbi za wanafunzi. Sijamwomba ruhusa ya kuandika jina lake, kwa hiyo nitamwita Dada. Nyimbo zake za wakati ule zilisema kila kitu: nani kaondoka, saa ngapi, kavaa shati gani. Tulizipenda kwa ukweli wake. Baadaye akaingia studio, midundo ya kompyuta ikamfunika sauti, redio zikamcheza msimu mmoja, kisha kimya. Tulidhani kaacha. Kumbe kavuka bahari kwenda Unguja kujifunza udi, ile ala ya nyuzi ya tarabu. Aliponitumia sauti ya wimbo mpya aliojirekodi kwa simu niliurudia usiku kucha, na niliposikia ataimba Ngome Kongwe, nikakata tiketi.

Treni ya SGR imeifupisha safari hii. Unatoka Dodoma asubuhi, unapita mahandaki ya milima ya Kilosa, na kabla ya adhuhuri uko Dar. Bandarini nikapanda boti ya mchana. Kusi ilikuwa inavuma, abiria wengi walifumba macho na kushika mifuko yao. Mimi nilikaa nje nyuma, upepo usoni, nikimsikiliza Dada kwenye simu. Takriban saa mbili baadaye Mji Mkongwe ukajitokeza, na Beit-el-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani, iliyoporomoka sehemu mwaka 2020, bado imezungushiwa vyuma vya mafundi.

Ngome Kongwe iko jirani yake, inatazamana na bustani ya Forodhani. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na leo ndani yake mna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Niliwahi mapema nikapata nafasi karibu na jukwaa. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya viua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka bara?"

Nikamwambia. Akafurahi kwamba mtu katoka Dodoma kuja kusikiliza, akaanza kunihadithia. Tarabu ya kasri ya Sultan Barghash iliimbwa Kiarabu, kwa ajili ya wakubwa. Siti binti Saad, mfinyanzi aliyezaliwa Fumba, ndiye aliyeiimba kwa Kiswahili mpaka ikawa ya watu wote. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Mzee alilieleza hilo kwa fahari, kana kwamba Siti ni shangazi yake.

Baada ya Isha wakatangulia watu wa kidumbak, tarabu ya mitaani ya kuchezeka. Napenda waandaaji walivyopanga hivi, maana kidumbak hakikuachi ukae. Ngoma mbili ndogo, fidla, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, na lile sanduku la mbao lenye fimbo na uzi mmoja linalotoa besi. Mpiga sanduku alikuwa kijana mwembamba. Alikuwa anaivuta fimbo nyuma kuukaza uzi, sauti inapanda, anailegeza, inashuka. Vidole vyake amevifunga plasta. Kina mama waliinuka tangu wimbo wa kwanza.

Wakafuata wanafunzi wa muziki, wakafungua kwa bashraf, kipande kisicho na mwimbaji ambacho ndicho desturi ya kufungulia tarabu. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, nai ya kupuliza, fidla tatu, akodiani. Fundi wa mitambo aliiminya nai mno, ikapotea nyuma ya akodiani, nikasikitika, kwa sababu binti aliyeipuliza alikuwa na pumzi ndefu ajabu. Lakini kanuni ilisikika nyuzi zake zote. Huku ndiko Dada alikopita. Alisoma Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho tangu 2002 kinawafundisha vijana ala hizi kwa wazee wanaozijua.

Ndipo akatoka mwenyewe. Gauni la kijani, mtandio mabegani, udi kifuani. Hakusalimia. Alikaa, akainamisha sikio kwenye tumbo la ala na kuanza kukaza vigingi, jozi moja baada ya nyingine, kwa kuwa unyevu wa pwani huzilegeza nyuzi kila usiku. Watu wakamsubiri. Dodoma asingethubutu; kule alikuwa anaongea kati ya nyimbo kuliko kuimba.

Wimbo wake wa tatu niliufahamu kwa mahadhi kabla ya maneno. Ulikuwa ule wa zamani, wa mtu aliyeondoka na shati lake. Shati halimo tena, saa haimo, jina halimo. Ameutunga upya kwa vina na mizani:

Taa nimemuwashia, dirishani yazagaa,
Upepo waivumia, haizimi inang'aa,
Mpita njia sikia, kwangu usije kukaa,
Anayeijua njia, hahitaji kuzubaa.

Alipofika "kwangu usije kukaa" alinyanyua risha ya kupigia nyuzi, udi ukanyamaza, akauimba mstari uliobaki bila ala yoyote. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele, akashuka ngazi na noti mkononi kwenda kumtunza, na nyuma yake wengine wanne, watano, wakiyumba taratibu kwa mdundo ambao haukuwepo. Nilimjua yule aliyeondoka, na nilimwona Dada akilia kwa ajili yake. Wimbo wa kwanza ulinifanya nimwonee huruma. Huu ulinifanya nitake kuwa yule anayewashiwa taa.

"Kafunzwa," mzee alisema. "Zamani kina mama wakiimbiana hivi, mtaa mzima unajua nani kasemwa na hakuna aliyetajwa."

Nadhani hapo ndipo alipokomaa. Wengi wetu tulihofu tarabu itammeza, kwamba atarudi na sauti ya kuazima na mashairi ya watu. Badala yake kanuni za ushairi zimemlazimisha kuchagua. Ukiwa na mizani kumi na sita tu kwa mstari, huwezi kubeba shati na saa na kituo cha basi. Unabeba kitu kimoja, na hicho kinabeba vingine vyote.

Baada ya onyesho nilimkuta nyuma ya jukwaa anafuta nyuzi kwa kitambaa. "Kaka! Umekuja kweli?" Tukakumbatiana. Nikamuuliza kama gitaa kaliacha. Akacheka, akafungua begi kubwa lililoegemezwa ukutani. Lilikuwa gitaa lile lile, lenye mkwaruzo ule ule, ila vile vyuma vya shingoni vyote vimeng'olewa na mifereji yake imezibwa kwa mbao na kulainishwa.

Akanieleza kwa kunionyesha. Katika rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuna sauti inayokaa katikati ya noti mbili za gitaa. Vyuma vinairuka, udi unaifikia kwa sababu shingo yake ni tupu. Akaipiga, akateleza kidole kidogo sana, ikatoka.

"Nyimbo tatu tayari," alisema. "Zikifika nane naja Dodoma, na wale wa kidumbak nawaleta. Tafuta ukumbi."

Nimeanza kuulizia kumbi. Nataka wenye jukwaa la mbao, ili lile sanduku lisikike vizuri.