Njia ya fobaifo huuawa na maji

Njia za fobaifo (magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne) na pikipiki pande za Ngong, karibu na Nairobi, zikiharibika, lawama huangukia tairi. Ni kweli tairi hulegeza udongo na kuchimba mifereji miwili, lakini kinachoibomoa njia ni maji yanayoifuata mifereji hiyo hadi chini. Dimbwi likituama, dereva hulizunguka, na kila mzunguko huipanua njia juu ya nyasi.

Basi anzeni na mteremko. Nyosheni kamba ya mita 10, ncha ya juu ikigusa ardhi, muilaze sawa kwa pima maji ya fundi, kisha mpime urefu kutoka ncha ya kamba upande wa chini hadi ardhini. Ukipita mita 1, mteremko ni zaidi ya asilimia 10, na hapo njia haitadumu bila matengenezo ya kila mara. Heri kuihamisha ikate ubavu wa mlima, tena mteremko wake usizidi nusu ya ule wa ubavu wenyewe.

Palipobaki pakali, maji yatolewe njiani kabla hayajapata nguvu: takriban kila mita 40 kwenye asilimia 5, kila mita 25 kwenye asilimia 10. Tuta jembamba la udongo haliwezi gari, linasagwa upesi. Chimbeni mbonyeo mpana ambao gari linapita bila kugonga, ukate njia kwa mshazari, mdomo wake utokee kwenye nyasi. Mdomo ndio unaosahaulika. Ukizibwa na mchanga, mbonyeo unageuka dimbwi, kwa hiyo mtu apite na jembe baada ya kila mvua kubwa.

Kufunga njia kufuate udongo, si kalenda. Udongo mwekundu hukauka mapema. Udongo mweusi wa pamba hufura, hung'ang'ania tairi, na hubaki laini siku nyingi baada ya jua kutoka. Gari la kwanza likiacha alama ya kina cha sentimita 5, fungeni. Ndani ya msitu wa serikali, uamuzi huo ni wa KFS (shirika la misitu la Kenya), na chama cha jamii cha msitu kishirikishwe mapema.

Vichochoro vya mkato havizibwi kwa kibao peke yake. Nimeona vibao vingi vikizungukwa. Lainisheni udongo kwa sululu sentimita 15 hadi 20, pandeni nyasi za hapo hapo, funikeni kwa matawi hadi kichochoro kisionekane kutoka njiani. Mawe ya kuziba mlango wa kichochoro yazikwe theluthi moja, la sivyo winchi ya gari itayang'oa.