Kaburi Lisilo na Jina

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii yote nimekaa na Isaya 43:1: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Na kila nikiurudia mstari huu namkumbuka Florence Lawrence.

Alizaliwa Hamilton, Kanada, mwaka 1886, akaja kuwa mwigizaji wa filamu zisizo na sauti huko Marekani. Kampuni ya Biograph ilimtumia katika filamu nyingi, lakini haikuwa ikitangaza majina ya waigizaji. Watazamaji wakamwita tu "Binti wa Biograph". Sura yake inajulikana kila mji, jina hakuna anayelijua! Mwaka 1909 Carl Laemmle, mwenye kampuni nyingine ya filamu, akamchukua. Mwaka 1910 ikavuma kwamba amegongwa na tramu, amekufa. Laemmle akatangaza gazetini kuwa ni uongo, yu hai, na jina lake ni hili. Alipofika mji wa St. Louis, umati ukamzonga kama mtu aliyefufuka. Inaaminika Laemmle mwenyewe ndiye aliyeupika msiba ule. Hapo moyo huniuma. Siku jina lake lilipotajwa, lilitajwa ili watu wanunue tiketi.

Miaka michache baadaye aliungua wakati wa kupiga filamu, na baada ya hapo hakurudi tena pale alipokuwa. Miaka ya 1930 alikuwa akipewa vijisehemu vidogo na kampuni ya filamu ya MGM, katika tasnia ileile iliyokuwa imejaza kumbi kwa sura yake. Desemba 28, 1938, akiwa mgonjwa mwenye maumivu ya muda mrefu, alijitoa uhai. Ndugu zangu, tusiharakishe kumhukumu. Tumwachie Mungu aliyemjua.

Akazikwa Hollywood, kaburi lisilo na jina. Likakaa hivyo zaidi ya miaka 50, hadi 1991 lilipowekewa jiwe lenye jina lake na maneno "nyota wa kwanza wa filamu". Aliyelilipia hakutaka kutajwa.

Nimelifikiria sana jiwe lile, kwa sababu na sisi tunaye mama aliyetuongozea kwaya miaka mingi. Sasa yuko kitandani, nasi tukimtaja kwenye maombi tunasema "yule mgonjwa wa kule bondeni". Nimetubu kwa hilo. Alhamisi, Mungu akipenda, nitakwenda kwake. Nitabisha hodi nikimwita kwa jina lake, kisha tusome Isaya pamoja. Anayeweza, tuongozane.