Neno "yote"

Ofisini hatukuwa na televisheni, kwa hiyo Rabin, waziri mkuu wa Israel, na Arafat, kiongozi wa Wapalestina, walipeana mikono redioni. Ilikuwa Jumatatu, 13 Septemba 1993, saa kumi na mbili na kitu jioni kwa saa za Dar es Salaam. Mtangazaji alituambia mikono imekutana na Clinton, rais wa Marekani, yuko katikati. Sisi tulisikia makofi tu. Mhariri wangu alikuwa kijana Tanzania ilipovunja uhusiano na Israel mwaka 1973, na jina la Arafat alilitaja kama mtu anavyomtaja mjomba wake. Alizima redio akanigeukia.

"Binti, wasomaji watauliza hawa watu wanagombania nini. Kesho jioni nataka ukurasa mzima. Na uniambie hilo azimio namba 242 la Umoja wa Mataifa linasemaje, maana wanalitaja kila dakika."

Nilikuwa na miezi mitano kazini. Nikasema sawa mzee, kana kwamba 242 ni namba ya basi ninalopanda kila siku.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni mwa maktaba kabla haijafunguliwa. Chumba cha rejea kilikuwa cha mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kalamu ya wino iache hapa mezani." Humo ndani uliingia na penseli na karatasi zako, basi. Vitabu vilibandikwa karatasi nyekundu mgongoni, maana yake haviazimwi.

Nilianza na kitabu kinene kuliko vyote, nikiamini unene ni ukweli. Kilinitia shaka mapema tu. Kilisema kwamba mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao, wazo la kuhamia "Uganda", na mkutano wao wa mwaka 1905 ukalikataa. Shangazi yangu ameolewa Eldoret. Ardhi iliyozungumzwa ni Uasin Gishu, uwanda uleule ambao shangazi analima mahindi, na uko Kenya. Wakati ule mpaka wa Uganda ulikuwa umetoka tu kusogezwa, jina la zamani likabaki midomoni mwa watu, na kutoka midomoni likaingia kitabuni. Nikaenda mwisho, kwenye faharasa, kutafuta "Wapalestina". Nikakuta mstari mmoja: tazama Waarabu, tazama wakimbizi.

Azimio lenyewe nililipata kwenye majuzuu ya Umoja wa Mataifa. Nilitegemea mkataba wa kurasa ishirini, kumbe ni ukurasa mmoja. Lilipitishwa 22 Novemba 1967, miezi mitano baada ya Israel kuteka Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki, Gaza, Sinai na Golan kwa siku sita. Rasimu iliandikwa na Waingereza, na wajumbe wote 15 wa Baraza la Usalama waliiunga mkono. Nililisoma mara tatu nikitafuta jina Palestina. Halimo. Kuna "tatizo la wakimbizi", na hawakuambiwa hata ni wakimbizi wa wapi. Ile faharasa niliyoilaumu ilikuwa imefuata tu mkumbo.

Nikamuuliza mama, hawa wakimbizi walitoka wapi? Hakujibu. Aliondoka na ngazi yake akarudi na kitabu cha mwanahistoria Mwisraeli, Benny Morris, kilichochapishwa Cambridge mwaka 1988. Ndani yake mna orodha ya vijiji na miji 369 iliyobaki bila watu wake Waarabu katika vita vya mwaka 1948, na mbele ya majina mna herufi. M ni kushambuliwa na jeshi. E ni kufukuzwa na majeshi ya Kiyahudi. F ni hofu ya vita. W ni minong'ono iliyosambazwa ili watu wakimbie. A ni kuhama kwa amri ya Waarabu wenyewe. Nilipitisha kidole kwenye safu ile ya herufi kama anayehesabu alama za mtihani, nikitafuta A, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwa kifupi kwamba "waliambiwa na viongozi wao waondoke". Zipo, ila unazitafuta. Nilikaa na orodha ile hadi adhuhuri, wakati nilitakiwa kurudi kwenye 242.

Sasa tafsiri. Kiingereza kilisema majeshi ya Israel yaondoke "from territories occupied". Nikaandika: "kutoka maeneo yaliyotekwa." Nikaridhika. Nilipokuwa narudisha juzuu kwenye rafu, nikaona pembeni yake juzuu la mwaka uleule kwa Kifaransa. Kifaransa sikijui. Sijui nilisukumwa na nini, pengine uchovu. Nikakinakili kile kifungu herufi kwa herufi, kama mtoto anavyonakili ubaoni: "des territoires occupés".

Jioni nikampelekea mwenzangu wa Bujumbura aliyekuwa akitufasiria habari za mashirika ya Kifaransa. Alikisoma huku anatafuna karanga, akacheka.

"Dada, hiki na chako si kitu kimoja. Cha Kiingereza kinasema maeneo. Hiki kinasema *yale* maeneo. Yale unayoyajua."

Akanieleza kwamba ugomvi wa miaka 26 umekaa hapo. Israel inashika Kiingereza: hatukuambiwa tuondoke kila mahali. Waarabu wanashika Kifaransa: mliambiwa muondoke mlikoingia. Nikarudi kwenye sentensi yangu na sikuweza kuiacha ilivyo. Kiswahili hakina kile kineno chao cha kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Sisi tunapitia mlango mwingine: nimenunua kitabu, nimekinunua kitabu, na kila mtu anasikia kwamba cha pili tulishakizungumza. "Maeneo yaliyotekwa" msomaji wa Kariakoo atayasikia yote, Kifaransa kitupu. Nikiandika "baadhi ya maeneo", nimeongeza neno ambalo hata Waingereza hawakulithubutu. Kwa Kiswahili hakukuwa na namna ya kusema nusunusu kama walivyosema wao.

Basi nikaandika yote mawili, na aya moja ya kueleza tofauti. Niliipenda aya ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika hadi siku ile.

Jumatano gazeti likatoka. Mahali pa aya yangu palikuwa na tangazo la matairi. Juu yake sentensi yangu ilikuwa imenyooshwa: Azimio 242 linaitaka Israel iondoke "katika maeneo yote iliyoyateka". Nikaenda na gazeti mkononi. Mzee hakukasirika. "Mwanangu, wasomaji hawataki sarufi. Na wewe mwenyewe, ukiingia nyumba ya mtu ukaambiwa toka, unatoka sebuleni peke yake?" Kwa kweli sikuwa na jibu, na mpaka leo nusu yangu iko upande wake. Lakini neno lile halikuwa langu kuliongeza, wala lake.

Wiki mbili baadaye nilipita maktaba kwa kazi nyingine. Mama alinipokea kwa tabasamu ambalo sikulitarajia, akafungua kabati la chuma, akatoa jalada la kahawia lililoandikwa PALESTINA. Ndani mlikuwa na vipande vya magazeti vya miaka na miaka. Cha juu kabisa, kimekatwa kwa wembe na kubandikwa vizuri, kilikuwa changu, tarehe imepigwa muhuri.

"Wanafunzi wameshaanza kukinakili," alisema.

Nikachukua penseli. Akanishika mkono. "Kwenye vitu vya rejea hatuandiki, mwanangu. Hata penseli."

"Mama, kuna kosa."

Aliniangalia juu ya miwani, kisha akavuta droo, akanipa kikaratasi na pini moja. Niliandika nikiwa nimesimama, kwa herufi kubwa ili zisomeke: *Neno "yote" halimo kwenye azimio. Neno "baadhi" nalo halimo.* Akakisoma, akakibana mwenyewe pembeni ya makala, akarudisha jalada kabatini.