Siku moja maishani mwangu: mtu wa kupima kompaila

Saa mbili asubuhi. Watu wakisikia nashughulika na kompaila (programu inayogeuza kodi aliyoandika mtu kuwa programu inayoweza kuran) wanadhani natunga lugha mpya, wala! Kazi yangu ni kuran testi za GCC, mkusanyiko wa kompaila za lugha za C, C++, Fortran na nyinginezo, kwenye pakeji zilizokwisha instoliwa, yaani ile kompaila itakayomfikia mtumiaji, siyo ile iliyobaki kwenye folda ilikojengwa. Kazi haionekani, inaonekana siku tukikosea tu.

Saa tatu. Mashine safi, nainstoli pakeji, naita skripti ya test_installed iliyomo kwenye folda ya contrib ya GCC, inatengeneza site.exp (faili la mipangilio ya testi) halafu inamkabidhi kazi DejaGnu, programu inayoziendesha testi. Inaenda.

Saa tano na kitu. C safi, C++ safi, kufika Fortran FAIL zinamwagika. Cha ajabu testi za kukompaili tu zinapita, zinazoanguka ni zile za kulinki (kuunganisha vipande na laibrari kuwa programu kamili) na kuran. Namuuliza jamaa anayetengeneza pakeji, anajibu "Kaka, kwangu inapita."

Hilo jibu jamani. Kwake lazima ipite maana anapimia kwenye folda ya ujenzi, na mule kompaila inaitwa xgcc, inapewa -B ya kuionyesha cc1 (sehemu inayokompaili C yenyewe) iko wapi na laibrari ziko wapi, LD_LIBRARY_PATH, inayosema laibrari zitafutwe wapi programu ikiran, nayo imeshawekwa, kwa hiyo haihangaiki kutafuta chochote yenyewe, ni kama mtoto anayefanya mtihani huku mwalimu amemshikia kalamu. Namwambia ndugu yangu, badilisha jina la hiyo folda halafu uran tena. Yuko kikaoni. Nasubiri. Anarudi, labda mashine yako haina binutils, zile zana za kulinki. Ipo. Labda crt1.o, kipande cha kuanzishia programu, haipo. Ingekosekana hata C ingegoma kulinki, kaka! Basi labda skripti yako. Kila nikijibu moja anakuja na labda nyingine, na hiyo folda hajaigusa.

Mchana wote umeishia kwenye logi. Faili la .sum, la muhtasari wa matokeo, linakwambia FAIL basi, sababu iko kwenye gfortran.log, na lile ni refu mpaka macho yanauma. Nikaikuta: haiwezi kusoma libgfortran.spec. Kafaili kadogo ka maandishi kanakoiambia gfortran ilinki na nini, na bila hako hakuna programu ya Fortran itakayolinkika. Nikapiga dpkg -L, amri ya kuorodhesha mafaili ya pakeji, kwenye pakeji zote za Fortran, hakamo hata moja. Mtu angeinstoli, angeandika programu ya mstari mmoja, ingemgomea, na sisi huku ripoti yetu ya folda ya ujenzi imejaa PASS.

Sijui ilikuwa saa ngapi, giza lilishaingia, ndipo akabadilisha jina la folda. "Kaka, na kwangu imeanguka." Nikamjibu karibu sana.

Pakeji mpya anasema kesho asubuhi. Na ikijengwa upya matokeo ya leo hayahesabiki, kwa hiyo narudi kuanzia C, hata zile zilizopita.